Tundu Moja, Vifaa Saba: Doki ya Laptopu Inagawa Nini Hasa?

Kama laptopu yako ni ya miaka ya karibuni na ni nyembamba, umeshaona kwamba matundu yameisha. Pembeni yamebaki mawili madogo ya USB-C, pengine na la spika za masikioni, basi. Vitu vya kuchomeka navyo havijapungua hata kimoja. Kuna chaja, monita, kibodi, kipanya, hadidiski ya nje, flashi ya mtu anayekuomba umtolee nakala, waya wa mtandao wa maabara, na siku ya kuwasilisha utafiti kuna projekta. Ndiyo maana kwenye meza nyingi za wanafunzi wa uzamili siku hizi utakuta kisanduku chenye mkia mfupi, kila kitu kimechomekwa humo, na mkia wenyewe umeingia kwenye laptopu.

Kile kidogo kinachonyonya umeme kutoka kwenye laptopu watu wanakiita habu. Kile kikubwa chenye adapta yake ya umeme ukutani ndicho doki hasa. Hapa nitasema doki kwa vyote viwili, na pale tofauti inapokuwa na maana nitasema.

Malalamiko kuhusu visanduku hivi yanafanana sana. Monita inaonyesha lakini mshale wa kipanya unarukaruka. Chaja imechomekwa lakini betri inashuka. Kipanya kisicho na waya kinakwama kila ukichomeka hadidiski. Mtu anahitimisha kwamba kauziwa feki. Feki zipo, sikatai. Lakini mara nyingi kisanduku ni kizima kabisa, tatizo ni kwamba tunakichukulia kama kitu kinachoongeza, wakati kazi yake ni kugawa. Hakiwezi kutoa zaidi ya kile tundu la laptopu linachotoa. Kwa hiyo swali la kwanza dukani siyo "ina matundu mangapi?" Swali la kwanza ni "tundu langu lina nini?"

Kilichomo ndani ya tundu

Wazo la doki si geni. Mwaka 1992 Apple walitoa PowerBook Duo, laptopu iliyokuwa inasukumwa nzima nzima ndani ya kasha la mezani, kama unavyoingiza kaseti kwenye deki ya video. Kwa miaka mingi baada ya hapo kila kampuni ilikuwa na kiunganishi chake maalumu, mara nyingi chini ya tumbo la laptopu. Ukibadilisha laptopu, doki yako inageuka tofali.

USB-C, iliyotangazwa mwaka 2014, iliondoa kero hiyo na kuleta nyingine: matundu yanafanana sura, hayafanani uwezo.

Ndani ya tundu hilo dogo kuna pini 24, kumi na mbili juu na kumi na mbili chini. Baadhi ni za umeme. Mbili ni za mazungumzo, yaani vifaa vinaulizana "wewe nani, unataka umeme kiasi gani, unaweza kutoa picha?" kabla ya kitu kingine chochote. Kuna nyaya za USB 2.0, teknolojia ya mwaka 2000 ambayo bado ipo hai ndani ya tundu jipya, yenye kasi ya megabiti 480 kwa sekunde. Halafu kuna jozi nne za nyaya za kasi kubwa. Hizo jozi nne ndizo barabara kuu, na karibu ugomvi wote wa monita na hadidiski unatokea hapo.

Tufanye hesabu ya picha, maana bila hesabu hii mengine yote yatabaki kuwa imani. Skrini ya kawaida ya Full HD ina pikseli 1920 kwa 1080. Kila pikseli inahitaji biti 24 za rangi, na picha nzima inachorwa upya mara 60 kwa sekunde. Zidisha: unapata karibu gigabiti 3 kwa sekunde. Sasa chukua monita ya 4K, pikseli 3840 kwa 2160, kwa mara zilezile 60. Unapata karibu gigabiti 12. Ukikubali ichorwe mara 30 tu, inashuka hadi 6 hivi.

Upande wa barabara sasa. Katika kiwango cha picha kilichozoeleka kwenye laptopu nyingi za katikati ya muongo uliopita, DisplayPort 1.2, kila jozi moja inabeba gigabiti 5.4 kwa sekunde. Sehemu ya tano ya hizo inaliwa na gharama za usafirishaji, kwa hiyo picha yenyewe inapata 4.32. Doki za bei nafuu kwa kawaida zinazigawa zile jozi nne nusu kwa nusu: mbili za picha, mbili za data. Jozi mbili za picha ni 8.64. Gigabiti 12 haziingii kwenye 8.64. Sita zinaingia. Kwa hiyo doki na monita wanakubaliana mara 30 kwa sekunde, na wewe unaona mshale unarukaruka kama una kwikwi.

Boksi halikudanganya. Liliandika "4K" kwa maandishi makubwa, na "30Hz" kwa maandishi ambayo mtu wa duka hakuyasoma wala wewe hukuyasoma.

Kuna njia mbili za kutoka hapo. Moja ni laptopu na doki zote ziwe za kiwango kipya zaidi, DisplayPort 1.4, ambapo jozi moja inabeba 8.1 na mbili zinatosha kwa 4K ya mara 60, kwa kubanana. Nyingine ni doki inayozichukua jozi zote nne kwa ajili ya picha. Hapo 4K inatiririka vizuri, lakini data zinabaki na zile nyaya za zamani za USB 2.0. Hadidiski ya nje ya kawaida inayoweza kusoma zaidi ya megabaiti 100 kwa sekunde inashushwa hadi 40 hivi au chini yake. Kunakili gigabaiti 100, kazi ya robo saa, kunakuwa robo tatu ya saa. Kibodi na kipanya wala havitajua kama kuna kilichobadilika.

Mwendokasi na barabara ya wote

Kwa anayeijua Dar es Salaam, mgawanyo huu ni kama Barabara ya Morogoro. Mabasi ya mwendokasi yana njia zao katikati. Hata zikiwa tupu, daladala haliruhusiwi kuingia (bodaboda tusiziseme). Ndivyo USB-C ya kawaida inavyotenga jozi za picha: monita ikishapewa njia ni zake, hata kama skrini imekaa saa nzima na ukurasa mmoja wa Word, na hadidiski inabaki imebanana pembeni.

Thunderbolt 3, iliyokuja kwenye tundu hilihili mwaka 2015, na USB4 ya mwaka 2019 iliyojengwa juu yake, zinafanya tofauti. Jozi zote nne zinaunganishwa kuwa barabara moja ya hadi gigabiti 40 kwa kila upande. Picha na data vinakatwa vipande vidogo, kila kipande kinaandikiwa kinakokwenda, na vyote vinasafiri pamoja. Picha zinapewa kipaumbele ili skrini isikatike, na nafasi inayobaki inachukuliwa na yeyote mwenye mzigo. Thunderbolt 5 iliyotangazwa mwaka 2023 imefika 80, na inaweza kugeuza sehemu ya njia za kurudi ziwe za kwenda, ikatoa 120 upande mmoja pale skrini zinapohitaji.

Ni uhandisi mzuri, nakiri. Lakini bei yake inauma, na wengi wetu hatuihitaji. Kama monita yako ni ile ya Full HD iliyotumika kutoka Kariakoo, inataka gigabiti 3, na doki ya kawaida ina 8.64. Nafasi inabaki. Doki ya Thunderbolt kwa monita ya namna hiyo ni kukodi fuso kubebea mfuko mmoja wa mchele.

Monita mbili ni habari nyingine. Doki ya kawaida yenye matundu mawili ya HDMI huwa inapokea mkondo mmoja wa picha na kuupasua kuwa miwili. Windows wanaujua mpango huo. Mfumo wa Mac hautumii upasuaji huo kupanua skrini, kwa hiyo mwenye MacBook atachomeka monita mbili kwenye habu na kuona kitu kilekile kwenye zote mbili. Atabadilisha kebo, atawasha na kuzima, hola. Na MacBook Air za chipu ya M1 na M2 zenyewe zinakubali monita moja tu ya nje.

Halafu kuna matundu ya USB-C yasiyotoa picha kabisa. Ni ya data tu, pengine na chaji. Angalia alama pembeni ya tundu: herufi D na P zilizoshikana zinaashiria picha, na radi yenye ncha ya mshale inaashiria Thunderbolt. Zisipokuwepo, tafuta jina kamili la modeli na usome vipimo vyake, maana baadhi ya watengenezaji hawaweki alama hata pale uwezo upo. Kwa mwenye laptopu ya namna hiyo, au ile ya zamani yenye USB za mstatili tu, bado kuna doki za DisplayLink. Hizi zinaikwepa barabara ya picha kwa ujanja. Programu unayoisakinisha inaibana picha kwa kutumia prosesa ya laptopu na kuituma kama data za kawaida, kisha chipu ndani ya doki inaikunjua. Kwa kuandika tasnifu na kusoma makala iko safi. Kwa video na michezo, feni ya laptopu itakujulisha.

Nisiondoke hapa bila kuitaja kebo. Kebo nyingi za kuchajia simu zina ncha za USB-C pande zote mbili, lakini ndani zina nyaya za umeme na za USB 2.0 tu. Zile jozi nne hazimo. Ukiunganisha monita kwa kebo hiyo, skrini itakaa giza na utalaumu doki bure.

Umeme nao unakatwa posho

Chaja ya USB-C haimwagi umeme tu. Inatangaza menyu, volti 5, 9, 15, 20, na laptopu inachagua. Chaja ya wati 65 inatoa volti 20 kwa ampea 3.25. Ukiipitisha kwenye habu, habu inajikatia chake kwanza, mara nyingi wati 10 hadi 15 za kujiendeshea na kulisha vilivyochomekwa, kisha inatangaza kwa laptopu menyu iliyopunguzwa. Laptopu iliyozoea 65 inaambiwa 50. Ukiwa unaandika, inatosha. Ukiendesha uchambuzi mzito wa data, prosesa inataka zaidi ya hapo na pengo linazibwa na betri. Ndiyo ile hali ya asilimia kushuka huku alama ya chaji inawaka.

Kebo inaingia hapa tena. Kebo ya USB-C ya kawaida inaruhusiwa ampea 3, na volti 20 kwa ampea 3 ni wati 60. Kuvuka hapo kebo lazima iwe na chipu ndogo ndani yake inayojitambulisha kwamba inaweza kubeba ampea 5. Unaweza kuwa na chaja ya wati 100 na doki ya wati 100, katikati ukaweka kebo isiyo na chipu, ukapata 60. Hakuna kitakachokuonya.

Upande wa pili ni habu isiyo na chaja yoyote. Hapo inaishi kwa umeme wa tundu la laptopu, volti 5 na ampea chache za kugawana. Hadidiski ya sahani inayozunguka inahitaji karibu ampea moja wakati wa kuamka. Isipoipata inajaribu, inashindwa, inajaribu tena, na wewe unasikia tik, tik, tik. Sauti hiyo inaweza kuwa diski inayokufa kweli. Inaweza pia kuwa njaa tu. Kabla hujaipeleka kwa fundi na kulipia uokoaji wa data, ichomeke moja kwa moja kwenye laptopu usikie inasemaje.

Kipanya kinachokwama

Hili ndilo nalipenda kuliko yote, kwa sababu linaonekana kama uchawi na ni fizikia tupu.

USB 3.0 inatuma biti bilioni 5 kwa sekunde. Ishara inayobadilika kutoka moja hadi sifuri na kurudi kwa kasi hiyo inakamilisha mizunguko hadi bilioni 2.5 kwa sekunde, yaani 2.5 GHz. Kipanya kisicho na waya, Bluetooth, na Wi-Fi ya zamani vinaongea wapi? Kwenye 2.4 GHz. Majirani wa mlango kwa mlango. Mwaka 2012 Intel walichapisha waraka ulioonyesha kwamba vifaa na viunganishi vya USB 3.0 vinavujisha kelele za redio kwenye bendi hiyohiyo, na kelele hizo haziwezi kuchujwa kirahisi kwa sababu zimo ndani ya ishara yenyewe inayohitajika.

Sasa angalia doki ilivyo. Kale kapokezi ka kipanya, kenye antena ndogo kuliko ukucha, kamechomekwa sentimita mbili tu kutoka kwenye hadidiski inayonakili faili. Ni kama kunong'ona kando ya spika ya harusi. Dawa yake ni rahisi: hamisha kapokezi upande wa pili wa laptopu, au kaweke kwenye kebo fupi ya nyongeza ya USB ili kasogee mbali kidogo na kelele. Kama Wi-Fi ndiyo inayoyumba, hamia bendi ya 5 GHz.

Umeme ukikatika

Hapa ndipo doki inapoweza kukugharimu kazi, siyo raha tu, na maboksi hayasemi neno.

Laptopu ina betri. Doki haina. Umeme ukikatika, laptopu inaendelea kama kawaida, na hiyo ndiyo sababu tunajiona tuko salama. Lakini doki yenye adapta ya ukutani inazimika palepale, na kila kilichoning'inia juu yake kinaondoka nayo kwa mpigo: monita, mtandao wa waya, na hadidiski. Kwa laptopu, ni sawa na mtu aliyekuja akaichomoa diski katikati ya kuandika. Mwenzangu mmoja wa maabara alikuwa anahifadhi matokeo ya kifaa cha vipimo moja kwa moja kwenye hadidiski ya nje kupitia doki. Umeme ulikatika kwa sekunde chache tu, jenereta ikapokea. Laptopu haikuzima. Faili la usiku mzima halikufunguka tena.

Na hadidiski nyingi tunazobebeshana zimepangwa kwa mfumo wa exFAT, kwa sababu unasomeka kwenye Windows na kwenye Mac. Mfumo huo hauna daftari la kumbukumbu linalouwezesha kurudi nyuma baada ya uandishi uliokatizwa. Windows 10 tangu toleo la 1809 imeweka diski za nje kwenye hali ya kuondolewa haraka, ambayo inapunguza data zinazosubiri kwenye kumbukumbu, na inasaidia kweli. Lakini haiokoi faili lililokuwa nusu limeandikwa.

Hata habu ndogo isiyo na adapta haijanusurika. Ikiwa chaja inapita ndani yake, umeme ukikatika vifaa vinaanza mazungumzo upya nani anamlisha nani, na kwenye baadhi ya habu mazungumzo hayo yanavikata vyote kwa muda mfupi kabla ya kuvirudisha. Kipanya kitarudi. Faili halitarudi.

Msimamo wangu ni huu: diski inayoandikwa ichomeke kwenye tundu la laptopu lenyewe, au data ziandikwe kwanza kwenye diski ya ndani na kunakiliwa baadaye. Kwenye doki weka vitu ambavyo vikipotea kwa sekunde kumi hakuna anayelia: monita, kibodi, kipanya, projekta. Kama ni lazima diski ikae kwenye doki, basi doki ndiyo ichomekwe kwenye UPS. Nimeona ofisi ambazo UPS inalinda laptopu, yenye betri yake tayari, huku doki iko kwenye ekstensheni ya kawaida.

Ukienda kununua, beba laptopu yako, chaja yako na hadidiski yako, umwombe muuzaji monita, na uchomeke vyote kwa pamoja. Kimoja kimoja kila doki inafaulu. Kwenye Windows fungua mipangilio ya skrini, sehemu ya mipangilio ya kina, usome kama ni 30 Hz au 60 Hz. Kwenye Mac, taarifa za mfumo zinaonyesha wati ambazo laptopu imeahidiwa. Nakili faili kubwa kwenda kwenye hadidiski huku unachezesha kipanya. Halafu, faili likiwa bado linanakiliwa, chomoa chaja kwenye doki uone kama diski inabaki. Muuzaji atakukodolea macho. Mwache akodoe, hela bado iko mfukoni kwako.